Kila Kadudu na Picha Yake

Hotuba kamili ya Bwana Direkta wa Muda wa GAMOPIMO, mbele ya wakaaji wa kartie, yaani mtaa, waliokuja kuuliza habari ya miti yao ya avoka, maparachichi. Kamina, katikati ya masika, asubuhi, mvua ikiwa bado inafikiri.

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa, ambaye hakuweza kufika; Mwakilishi wa huyo Mwakilishi, ambaye yuko njiani tangu juzi; Bwana Mkubwa wa Mazingira, pamoja na yule aliye chini yake ambaye ndiye anayefanya kazi; wakuu wa barabara, wakuu wa nusu barabara na wakuu wa kona; mapadri, wachungaji, na nyinyi mnaosali nyumbani; wapendwa patineri wetu, wafadhili wa kiufundi na wa kifedha, ambao viti vyao vitatu vya plastiki mnaviona hapa mbele, vitupu lakini vyenye heshima; mama yangu mdogo Mira, aliyekuja bila kualikwa; wakina mama wenye watoto mgongoni, wakina mama wenye watoto tumboni, wakina mama wenye vyote viwili; miti yote iliyopo; na mimi mwenyewe, Christophe Kisimba, Direkta wa Muda kwa muda ambao hakuna aliyeuwekea mwisho: ikiwa kuna mkubwa yeyote niliyemsahau, na ajihesabu kuwa nimemtaja mara mbili.

(Makofi ya mtu mmoja. Ni dereva wake.)

Asante. Msipige sana, bado mapema. Ndugu wakaaji, ni kwa furaha yenye majukumu, na kwa majukumu yenye furaha, kwamba nasimama hapa…

(Mama mmoja kijana, jina lake Bitota, mtoto mzito amelala mgongoni, anakwenda mbele na kuketi kwenye kiti cha patineri.)

Mama, kile kiti ni cha patineri.

(Bitota anajibu kwamba patineri akija, yeye atasimama. Anamsogeza mtoto vizuri na kubaki palepale.)

Basi iandikwe kwamba patineri ametoa kiti chake kwa hiari, jambo linaloonyesha ubora wa uhusiano wetu. Naendelea. Katika kadre ya mpango wa mikakati ya mfumo wa uratibu wa ufuatiliaji wa viumbe vidogo visivyo na makazi ya kudumu, huduma yangu, GAMOPIMO, maana yake Ganda Moja Picha Moja, ilifanya ugunduzi. Ugunduzi huo niliufanya mimi binafsi, nikiwa ndani ya gari la kazi, kioo kimefungwa kwa sababu ya vumbi. Niliona, kwenye shina la mti wa avoka, kitambaa cheupe, chembamba kama chandarua cha mtoto mchanga, kimefunika ganda, yaani gome, kutoka chini hadi kwenye panda ya kwanza, na chini ya kitambaa kile wadudu wadogo, wadogo, wadogo kuliko punje ya ulezi iliyogawanywa na ndugu wanaogombana, wakitembea kwa kundi, wakisimama kwa kundi, wakigeuka kwa kundi, bila kibali chochote cha maandamano. Nikamwambia dereva: simama. Dereva akanijibu: shefu, tumesimama tangu jana, mafuta yameisha.

(Kicheko. Dereva anaangalia viatu vyake.)

Hapo ndipo uongozi unapoonekana. Wengine wangeshuka waende kutafuta mafuta. Mimi nilibaki garini nikatafakari. Na tafakari ikanipa kanuni hii, ambayo naomba wenye kalamu waiandike na wasio na kalamu waisikitikie: mdudu asiyejulikana ni mdudu mshukiwa, na mti unaomlaza mshukiwa ni mshiriki wake. Kwa hiyo maajenti wangu walipita katika kila lupango, kiwanja kwa kiwanja, wakaweka msalaba mwekundu kwenye kila mti wa avoka wenye kitambaa. Miti yenye msalaba itakatwa Jumamosi. Lakini sisi si watu wa kukata tu. Tuna roho. Nikatoa nafasi: mwenye mti apige picha ya kadudu kake, ailete kwenye biro yangu, ofisini kwangu, na wataalamu wakimtambua kadudu huyo kuwa hana hatia, msalaba utafutwa na mti utaishi.

(Bitota anainua mkono kama darasani. Hakuna anayemruhusu, kwa hiyo anajiruhusu. Anasema kwamba alileta picha mara ya kwanza akaambiwa arudi, akarudi akaambiwa angoje, akangoja akaambiwa biro imefungwa. Anasema ule mti ulipandwa na marehemu mama yake siku walipopewa lupango, na kwamba siku samaki wa Bukama wanapokosekana, watoto wake watatu wanakula ugali wa bukari na avoka na wanalala bila kulia. Halafu anaweka mkono chini.)

« Shefu, minyi niko nauliza neno moja tu. Muti yangu, mutaikata ao mutaiacha? »

Swali zuri. Swali zuri sana, na ninafurahi limetoka kwa mwanamke, kwa sababu tuna kipengele cha wanawake. Nitalijibu katika sehemu ya nane ya hotuba yangu.

(Anaulizwa sasa yuko sehemu ya ngapi. Anaangalia karatasi.)

Utangulizi. Sasa, ndugu wakaaji, wengine mnanong'ona kwamba kazi ya kutambua mdudu kwa picha inachelewa. Haichelewi. Inakomaa. Utambuzi si mchezo. Mimi nilikuwa karani wa kupokea watu wa kitambulisho kwa miaka mingi kabla ya kupanda cheo, na ninaijua sura ya kiumbe inavyotakiwa kuonekana mbele ya sheria. Ndiyo maana nilitunga masharti, na masharti yalibandikwa kwenye mlango: mdudu apigwe picha moja kwa moja kutoka mbele, nyuma yake pawe peupe, macho yawe wazi, asivae kofia, masikio yote mawili yaonekane, asicheke. Chini ya picha yaandikwe jina, jina la nyuma na jina la ubatizo, jina la baba, jina la mama, kijiji, sheferi na territuare ya asili, kazi anayofanya, na kama ameoa.

(Minong'ono. Mtu anauliza kama kadudu kana masikio.)

Hilo si tatizo la biro. Hilo ni tatizo la kadudu. Na matokeo? Naomba utulivu, kwa sababu hapa nina takwimu. Tumepokea picha kwa asilimia mia moja na nne ya lengo. Kati ya hizo, asilimia sitini na mbili zilikataliwa kwa sababu mdudu aliangalia pembeni. Asilimia thelathini zilikataliwa kwa sababu ndani ya picha kulikuwa na kidole cha mwenye mti, na kidole hakikuomba kutambuliwa. Asilimia kumi na tisa mdudu alitikisika. Na zilizobaki, wadudu walikuwa wengi katika picha moja, wamejipanga, wakubwa nyuma na watoto mbele, yaani hiyo ni picha ya familia, na picha ya familia mnaweka sebuleni, hamleti kwangu.

(Watu wanacheka na kuanza kusimulia wote kwa pamoja. Déborah Kabongo, jirani wa Bitota, anaeleza jinsi walivyohangaika na lile sharti ya pawe peupe: walimchukua kadudu kwa ncha ya unyoya, wakamweka juu ya nepi safi ya mtoto wa Bitota, kadudu akaonekana vizuri sana, simu ikawa tayari, na mtoto akapiga chafya. Walimtafuta asubuhi nzima. Mwingine anasema alimpeleka wake studio kwa Ngandu mpiga picha, ndani ya kibiriti, na Ngandu, kwa mazoea yake, akamwambia anyooshe shingo. Hata Mama Mira anacheka, mkono mdomoni.)

Chekeni tu, lakini mjue mnacheka mbele ya taratibu. Nifike sasa kwenye kipengele nyeti. Katika sehemu ya territuare ya asili, picha zote zimeachwa tupu. Zote. Nikajiuliza: kiumbe anayekataa kutaja asili yake anaficha nini? Baada ya uchambuzi wa kina, na baada ya chakula cha mchana, nilifikia hitimisho la kisayansi kwamba mdudu huyu si mwenyeji. Hakutokea hapa. Alikuja na treni. Na mgeni wa namna hiyo, dawa yake ni moja tu, arudishwe alikotoka…

(Kicheko kinakatika. Katika kartie hii ziko nyumba nyingi za Wakasai ambao wazazi wao, mwaka wa tisini na mbili na wa tisini na tatu, walilala gare, stesheni ya treni, juu ya mizigo yao, wakiambiwa warudi kwao Kasai, mahali ambapo wengine wao hawakuwahi kupaona kwa macho. Bitota hasimami. Anamtikisa mtoto taratibu, na anaongea kwa ile sauti ambayo mama anamwambia nayo mtoto aweke kisu chini.)

« Shefu, ile neno tunaijua. Mama yangu alisikiaka ile neno ku gare, minyi niko mu tumbo yake. Kale kadudu kalizaliwa pa ganda ya muti yangu. Ukikafukuza, katarudia wapi? »

(Déborah Kabongo, ambaye babu zake walilima mihogo hapa kabla reli haijafika, anaongeza kwamba ikiwa ni habari ya wenyeji, basi mwenyeji ni yeye, na hajawahi hata siku moja kuiuliza avoka ya Bitota asili yake kabla ya kuitia chumvi.)

Nilisema mdudu. Mimi sikusema mtu. Mtu na mdudu ni vitu viwili. Naomba katibu afute neno mgeni, aandike msafiri. Hapana. Afute na msafiri. Aache nafasi, nafasi nyeupe, nitakuja kuijaza mwenyewe.

(Anakunywa maji. Anakunywa kwa muda mrefu kuliko kiu ya kawaida.)

Tuongee mambo ya maendeleo. Ndugu wakaaji, mnaniona nimesimama hapa mkadhani sijatembea. Nimetembea. Katika misioni za kukusanya uzoefu nilifika Bukama, ambako nilikagua soko la samaki ili kuondoa shaka kwamba samaki si mdudu wa ganda, na ninaweza kuwathibitishia leo, kwa kuwa nilifanya uchunguzi huo sahani baada ya sahani, kwamba si mdudu wa ganda. Nilifika Mulongo, ambako nilipanda mtumbwi na kuangalia mtumbwi wenyewe, kwa maana mtumbwi ulikuwa mti, na mti ulikuwa na ganda, na ganda liko wapi? Hakuna aliyenijibu. Hiyo inaitwa pengo la takwimu. Malemba-Nkulu sikufika, lakini nililitaja katika rapore, ripoti yangu, kwa heshima.

(Mzee mmoja anauliza kama katika misioni zile aliwahi kuangalia mti.)

Niliona miti mingi ikipita. Na kwa msingi huo naahidi yafuatayo. Kamina itapata maabara ya ghorofa, ghorofa ya chini kwa wadudu wa maganda ya chini na ghorofa ya juu kwa wadudu wa maganda ya juu. Itapata mikroskopu ya kwanza yenye kiyoyozi. Kila kadudu katapewa kadi, na kadi itapewa mfuko wa nailoni isilowe. Vijana mia tano watapata kazi ya kuwaambia wadudu wasitikisike. Tutakuwa na Siku ya Ganda, na siku hiyo hakuna kwenda shamba. Na mtaalamu wa kimataifa, Profesa Élisha, ambaye amesoma hadi masomo yakaisha, atakuja kuangalia kila picha kwa jicho lake la kulia, na jicho la kushoto litabaki kama akiba.

(Makofi ya dereva. Bitota anauliza Profesa atakuja kabla ya Jumamosi au baada ya Jumamosi.)

Profesa hana Jumamosi. Yeye ana ajenda.

(Bitota anasema mti wake una Jumamosi.)

Mama, usiwe na haraka, haraka haina baraka, na wewe ni mama wa watoto, unajua uji unahitaji kukorogwa. Hata hivyo, niwatoe wasiwasi: miti itakayokatwa haitapotea. Hakuna hata gogo moja litakaloozea njiani. Magogo yote yatabebwa siku hiyohiyo hadi kwenye maabara yetu ya joto la juu, ili yafanyiwe utafiti wa mwisho.

(Mkuu wa kona moja anauliza kama hiyo maabara ya joto la juu ndiyo lile tanuru la matofali lililo nyuma ya nyumba ya Direkta, ambalo limepangwa matofali mabichi tangu kiangazi na bado linangoja kuni. Watu wanageuka kumwangalia Direkta, hata wale waliokuwa wanasinzia.)

Lile ni tanuru kwa umbo. Kwa dhamira ni maabara. Tofali nalo ni namna ya rapore, tofauti ni kwamba halisomwi. Tusiingize mambo ya binafsi katika mambo yangu.

(Kelele. Mtoto wa Bitota anaamka, analia kidogo. Bitota anamzungusha mbele, anamnyonyesha, na bila kuinua macho anasema kwamba kama wataalamu hawapo, Direkta mwenyewe yupo. Picha iko kwenye simu. Aiangalie sasa hivi, mbele ya watu, aseme kadudu kana hatia au hakana, na kila mtu arudi nyumbani kupika. Watu wanaitikia: vile, vile.)

Kwa kawaida mkubwa haangalii simu ya mtu. Lakini kwa kuwa mnaniomba, na kwa kuwa uzoefu wangu unazidi cheo changu, lete hiyo simu. Dereva, shika karatasi zangu. Hm. Naam. Nakaona. Mdudu huyu ameangalia mbele, nampongeza. Lakini angalieni sura, ingawa hamuioni: paji la uso limevimba kama la mtu aliyenyimwa pombe, masharubu marefu kuliko mwili, macho yamekaa pembeni, moja huku na moja kule, ili aone anayekuja na anayeondoka. Miaka yangu yote ya vitambulisho inaniambia: mwenye paji kama hili hana jema. Natamka basi, kwa mamlaka niliyojipa, kwamba mdudu huyu ni mharibifu wa daraja la kwanza. Mti wake ukatwe. Na usingoje Jumamosi. Ukatwe leo.

(Bitota anamwomba arudie, ili wa nyuma wasikie.)

Ukatwe leo.

(Bitota anaeleza, bila haraka, kwamba picha zake za mwanzo alizileta biro na hazikurudi. Hii ni ya leo. Asubuhi na mapema alikwenda nyumbani kwa Direkta kuulizia jibu, akaambiwa angoje nje ya lango, na pale nje ya lango kuna mti mkubwa wa avoka, ganda lake limefunikwa kitambaa kipana kama shuka. Alipochoka kungoja akapiga picha.)

« Ile muti ni yako, shefu. »

(Hapa kicheko kinakwenda hadi barabarani, na watu wanaopita na baiskeli wanasimama. Mama Mira anasema ule mti anaujua, amekula avoka zake tangu Christophe anavaa kaptula, na tududu tulikuwamo siku zote, na hakuna aliyekufa isipokuwa kwa kushiba.)

Utulivu. Utulivu, tafadhali. Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo halijaeleweka. Wadudu wa kwangu ni wadudu wa kazi. Wako chini ya uangalizi. Wamezoea wageni rasmi. Paji lao limevimba kwa kufikiri. Ni aina nyingine kabisa, inafanana tu na ile kwa rangi, kwa ukubwa, kwa miguu, kwa kitambaa na kwa tabia.

(Bitota anasema basi kama wa Direkta hawana hatia, na wa kwake yeye vilevile.)

Mama, wa kwako hawakufuata taratibu. Na jua limepanda, na mvua ile pale inakaribia, kwa hiyo naruka sehemu ya tatu hadi ya kumi na moja, ambazo zilikuwa nzuri, na ninafika kwenye mwito. Nikisema Ganda Moja, mnajibu Picha Moja. Ganda Moja.

(Sauti chache: Avoka Moja.)

Hapana. Picha. Ganda Moja.

(Sauti nyingi: Avoka Moja.)

Tujaribu mwingine. Mdudu Bila Kitambulisho…

(Sauti zote, na dereva miongoni mwao: Ana Nyumba.)

Mwito umepokelewa. Imebaki kushukuru. Kwa niaba yangu na kwa niaba ya walionipa niaba, nawashukuru wote waliochangia, kwa namna moja au nyingine, kwa mchango wao mkubwa usio na kipimo, na Mungu awa…

(Mama Mira, ambaye alimlea tangu mama yake alipofariki, anasimama. Anaposimama Mama Mira, hata mbwa wa kartie wanakaa chini.)

« Weye Christophe. Kwetu hatushukuruke vile. Taja muntu, taja na kintu chenye alitoa. »

Mama mdogo, tuko mbele ya wakubwa.

(Mama Mira anamwambia anaona watu wazima na viti viwili vitupu. Anamkumbusha, na kila Muluba aliyepo anatikisa kichwa kukubali, kwamba ukipewa chumvi unasema wafwako kwa chumvi, ukipewa unga unasema wafwako kwa unga, hata ukipewa maji ya kunawa unayataja. Shukrani isiyotaja kitu ni ya mtu aliyeiba. Hakumlea hivyo. Anabaki amesimama, mikono imekunjwa, na inaonekana hatakaa mpaka Christophe amalize.)

Basi. Basi, mama. Ninamshukuru mke wangu, kwa rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka lango. Ninawashukuru maajenti wangu wanne, watoto wa dada yangu, kwa brashi, na kwa kupita haraka. Ninamshukuru Ngandu, kwa hema hii. Ninamshukuru dereva, kwa makofi.

(« Endelea, » anasema Mama Mira.)

Ninawashukuru patineri wetu wa kiufundi na wa kifedha, kwa… kwa kutonikataza. Hawakunikataza, kwa sababu hawanijui. Ninamshukuru Profesa Élisha, kwa jina lake. Hilo jina lilikuwa la mjomba, yule wa kutengeneza baiskeli, nalo nililichukua bila kumwuliza, mama mdogo, nawe unajua asingekataa. Ninaishukuru ile mikroskopu, kwa… ile mikroskopu niliiona kwenye kalenda. Picha zenu ninazishukuru kwa uzuri wao. Nilizifuta zote ili simu ipate nafasi. Na mwisho kabisa ninaushukuru mradi wenyewe, GAMOPIMO, kwa…

(« Taja kintu. »)

Kwa jina. Jina iko. Njo kintu chenye iko, mama, jina. Ile ingine ilikuwa itakuya nyuma.

(Watu wanaangaliana kama wamehesabu wageni mezani na kukuta wamezidi. Bitota anamfunika mtoto, anafunga kitenge, anasimama. Sasa anaongea taratibu, kama anayemsaidia mtu kuvaa koti.)

« Basi proje haiko. »

Kwa sasa, haiko.

« Na nani alisema bakate muti? »

Proje.

« Basi hakuna muntu alisema. »

(Sasa wanacheka. Mama Mira anakaa. Déborah anauliza ile rangi ya lango inatokaje kwenye miti, na wakina mama wanaanza kubishana: mmoja anataka majivu, mwingine anataka mchanga na sabuni. Bitota anakataa vyote viwili. Ukisugua utachuna ganda, anasema, na kitambaa kitapasuka. Wapake udongo laini juu ya msalaba, kwa mkono tu, wauache ukauke, na mti wenyewe utaumaliza msalaba.)

Ndugu wakaaji, mkutano haujafungwa.

(Umefungwa. Wanaondoka na viti vyao vichwani. Bitota yuko mbele, anamwagiza Déborah apitie beseni, mvua isiwakute bado hawajakoroga udongo.)